Mistari ya penseli kwenye fremu ya mlango

Kila Januari, wiki ambayo shule zinafunguliwa, nawasimamisha wanangu kwenye fremu ya mlango wa jikoni, nawawekea daftari kichwani na kupiga mstari kwa penseli. Nilianza kwa sababu za mfuko: nataka kujua nani anahitaji sare mpya na nani anaweza kumaliza mwaka na ya zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja daktari wa meno ataniomba nipige picha ule mlango nimtumie kwa WhatsApp.

Alianza kwa kuniuliza kadi ya kliniki. Nikamwambia daktari, kadi ile iliishia kwenye chanjo ya surua, na sina hakika kama ipo. Akacheka. "Basi mama, hakuna popote ulipoandika urefu wa huyu mtoto?" Ndipo nilipoukumbuka mlango.

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka 11 na miezi miwili. Tulikwenda kwa sababu ya taya. Meno yake ya juu yametangulia, kidevu kimebaki nyuma, na akifunga kinywa mdomo wa chini unajificha chini ya meno. Taya hilo ni la kwetu. Analo mama yangu, ninalo mimi, na babu yangu wa Pangani analo kwenye picha yake moja iliyobaki, amevaa kanzu na kutazama pembeni kana kwamba alijua kuna siku mtu atamchunguza ubavu. Nilitegemea mtoto ataambiwa afungue kinywa. Badala yake nesi alimvua viatu, akampandisha kwenye mzani, akamsimamisha ukutani: kilo 54, sentimita 148. Nikadhani tumekosea chumba.

Halafu picha ya eksirei, ya kichwa kizima kwa ubavu. Daktari, binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, aliitundika kwenye taa na kuniita. Mimi nikawa naangalia meno. Yeye kidole chake kilikuwa shingoni.

"Tazama hizi pingili, mama. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mtoto ambaye hajaanza kurefuka kwa kasi, chini ya pingili kumenyooka kama sakafu, na pingili zenyewe ni bapa, zimeinama kwa mbele. Akianza, pingili zinaanza kuchimbika kwa chini, kishimo kidogo, moja baada ya nyingine. Huyu wako zote tatu zina kishimo. Kasi yake kubwa imeshapita."

Nikamwambia haiwezekani, mtoto ana miaka 11. Akaniuliza kama ameshavunja ungo. Nikasema ndiyo, mwezi Julai. Akanyamaza kidogo, kisha ndipo akaomba urefu wa miaka iliyopita.

Jioni ile nilichukua futi kamba nikapima mlango. Januari ya miaka minane na nusu: sentimita 127. Mwaka uliofuata: 133. Mwaka uliofuata: 142. Yaani kati ya miaka tisa na nusu na kumi na nusu mtoto alirefuka sentimita tisa kwa mwaka mmoja, na kumbukumbu yangu pekee ya mwaka huo ni kwamba nilinunua viatu vya shule mara mbili na nikalalamika.

Wasichana kwa wastani hufikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Wangu aliwahi kwa zaidi ya mwaka. Na kilichonifanya nikeshe nikisoma wiki zile ni kwamba daktari aliunganisha jambo hilo na mzani.

Nieleze kwanza namna uso unavyokua, maana mimi mwenyewe nilikuwa nadhani uso unavimba kama puto, kila upande kwa pamoja. Sivyo. Fuvu la ubongo linakimbilia mbele mapema sana. Mtoto wa darasa la kwanza ana kichwa ambacho kimeshafika karibu na ukubwa wa mtu mzima, ndiyo maana wadogo wanaonekana vichwa na macho tu. Uso unakuja nyuma, ukishuka chini na kusogea mbele, kama droo inayovutwa polepole kutoka chini ya kabati. Upana unamaliza kwanza, kisha kina cha mbele na nyuma, urefu mwisho. Na ndani ya uso wenyewe taya la juu linamaliza kabla ya taya la chini. Taya la chini ndilo linalosikiliza mwili zaidi: mwili ukirefuka kwa kasi, na lenyewe linarefuka kwa kasi, kwa wakati ule ule au likichelewa kidogo. Kwa hiyo mtu anayetaka kulisaidia taya la chini lisogee mbele anatafuta miezi hiyo. Daktari wetu aliiita masika. "Mbegu ni ile ile, mama, jembe ni lile lile. Mimi natafuta mvua."

Sasa uzito unaingiaje?

Kilo 54 gawa kwa 1.48, gawa tena kwa 1.48, unapata karibu 24.7. Kwa mtu mzima hiyo ni namba ya kujisifia, iko chini ya 25. Nami nilijisifia, nikamwambia daktari mbona iko sawa. Kumbe mstari wa 25 ni wa watu wazima. Watoto wana jedwali lao, kwa umri na jinsia. Shirika la Afya Duniani lilitoa la miaka 5 hadi 19 mwaka 2007, na kwa msichana wa miaka 11 mstari wa unene wa kupindukia uko karibu na 24. Mwanangu alikuwa ameuvuka. Nyumbani hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo hivyo. Nyumbani alikuwa amenawiri. Jirani akimwona anasema mashallah, mtoto kajaa. Mama yangu, ambaye neno mnene kwake ni sifa ya mtu aliyeolewa vizuri, husema: "Huyu ana mifupa mizito, ni mwili wa kwao." Wa kwao akiwa na maana ya upande wa baba, bila shaka.

Cha kuchekesha ni kwamba kuhusu mifupa mama hakukosea sana.

Mwaka 1931, madaktari wawili wa meno, Broadbent huko Cleveland, Marekani, na Hofrath huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, walitangaza njia ya kupiga eksirei ya kichwa kwa ubavu huku kichwa kikiwa kimeshikiliwa na kifaa pale pale kila mara. Ujanja wote uko hapo, katika kushikilia. Picha ya leo na ya mwaka kesho zinaweza kuwekwa moja juu ya nyingine, na unaona mfupa ulikoelekea. Ni mlango wangu wa jikoni, ila umetengenezwa na watu makini. Baada ya hapo, huko Ohio, Michigan, Iowa na Burlington ya Kanada, watoto wenye afya zao walipigwa picha hizo kwa miaka na miaka, mwaka baada ya mwaka, hadi wakawa watu wazima. Leo hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu kumpiga mtoto asiye mgonjwa mionzi kwa ajili ya udadisi tu, kwa hiyo mafaili yale ya zamani yamebaki kuwa hazina, na watafiti bado wanarudi kuyafukua kwa maswali mapya.

Swali la uzito ni mojawapo. Waswidi walilianza mapema miaka ya 2000: walichukua vijana wenye unene wa kupindukia, wakawalinganisha na wenzao wa umri ule ule wenye uzito wa kawaida, wakapima picha. Wanene walikuwa na mataya marefu zaidi, yote mawili, yaliyosogea mbele zaidi, na nyuso kubwa kwa jumla. Mfupa wenyewe, si mashavu. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliangalia pingili za shingo na meno, wakakuta kwamba kadiri mtoto alivyokuwa juu kwenye jedwali la uzito ndivyo mifupa na meno yake yalivyokuwa mbele ya umri wake. Meno pia! Nilipoyasoma hayo nikakumbuka kwamba binti yangu alimaliza kung'oka meno ya utotoni wakati wenzake darasani bado wana mapengo, na mimi nilitangaza kila mahali kwamba mtoto wangu ana akili, maana kwetu kuwahi kokote ni dalili ya akili.

Kwa hiyo mifupa mizito ipo. Mama yangu alikosea mwelekeo tu: alidhani mifupa ndiyo inayoleta uzito.

Kinachotokea, kwa kadiri nilivyoelewa, ni kwamba mafuta mwilini si mzigo uliolala. Ni kiungo kinachoongea. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York ilitambua jeni ya homoni inayotengenezwa na seli za mafuta, homoni ambayo baadaye waliiita leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Leptini inaupelekea ubongo habari za ghala: chakula kipo au hakipo. Ubongo ukisikia ghala limejaa, unaona hakuna sababu ya kuchelewesha ubalehe. Juu ya hapo, seli za mafuta zina kimeng'enya kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, na estrojeni hiyo, kwa wasichana na kwa wavulana pia, kwanza inachochea mifupa, kisha ndiyo inayofunga sehemu za kukulia. Insulini ya mtoto mnene huwa juu, nayo inasukuma ukuaji kwa njia zake, hata pale homoni yenyewe ya ukuaji inapokuwa chini. Ndiyo maana mtoto mnene mara nyingi ni mrefu kuliko wenzake darasa la nne, halafu kufika kidato cha pili wenzake wamemfikia na wengine wamempita. Hakupewa urefu zaidi. Alipewa mapema.

Kwa wavulana habari imechanganyika zaidi, wengine unene unawawahisha na wengine unawachelewesha, kwa hiyo mwenye mtoto wa kiume asichukue mistari ya mlango wangu akaifanya sheria. Na hata kwa wasichana, tunaongelea wastani. Nimeona mabinti wanene walioingia ubalehe wakiwa na miaka 13 bila haraka yoyote.

Mimi nilikuwa kinyume kabisa cha binti yangu. Nilisoma bweni, mkoa wa Tanga, ugali na maharage yenye wadudu wao, na uji ambao ungeweza kuuona mwezi ndani yake. Kidato cha pili nilikuwa mwembamba kiasi kwamba wenzangu waliniita Fito. Nilivunja ungo nikiwa kidato cha tatu, nakaribia miaka 16, baada ya shangazi yangu aliyekuwa somo wangu kuniombea dua na kunipikia supu ya kongoro kila likizo. Shangazi hakuwa na haja ya mtafiti. Alikuwa akisema msichana hakui mpaka ajae, basi. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Rose Frisch na Roger Revelle, walisema karibu vivyo hivyo, kwamba ubalehe unasubiri mwili ufikie uzito fulani, wakataja kilo karibu 48. Namba hiyo ilipingwa sana baadaye na leo haishikwi kama mpaka, lakini wazo kwamba mwili unahesabu akiba yake kabla ya kuruhusu mambo limebaki, na leptini ilipogunduliwa lilipata miguu.

Nina picha mbili za kitambulisho, ya kidato cha pili na ya kidato cha sita. Ukizilaza pamoja unaweza kukataa kuwa ni mtu mmoja. Ya kwanza ni uso wa mtoto wa darasa la tano. Ya pili, miaka minne baadaye, pua imetoka, uso umerefuka, taya la chini limepiga hatua. Halikufika, bado ni taya la Pangani, ila lilikuwa bado linasafiri nikiwa na miaka 17. La binti yangu kwa umri huo litakuwa limeshafika kituo muda mrefu. Sisemi njaa ya bweni ilikuwa dawa. Mtoto akikosa chakula kweli kweli anadumaa, taya na kila kitu, na nina wanafunzi wenzangu ambao hawakurefuka tena. Ninachosema ni kwamba mama na mtoto, damu moja, taya moja, saa zetu zimepishana karibu miaka mitano, na kilichozipisha kwa sehemu kubwa ni sahani.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na siyo juu ya sahani. Mwaka mmoja na nusu kabla, mtoto akiwa na miaka tisa na nusu, nilishampeleka kwa daktari mwingine. Alimwangalia kinywa dakika tatu akasema, mrudishe akifika miaka 12 au 13, ndio umri wa wasichana. Hakumpima. Hakumuuliza mtoto wala mimi chochote kuhusu ubalehe, labda aliona haya. Mimi nikarudi nyumbani nimetulia kabisa. Mwaka ule ule ndio ulikuwa mwaka wa sentimita tisa. Tungesubiri kama tulivyoambiwa, tungefika kiangazi.

Simlaumu hadi mwisho. Vitabu vimeandikwa kwa wastani, na wastani wa 12 ulitoshea watoto wa zamani. Lakini ukiwa na mzani pale mlangoni, unaachaje kuutumia?

Basi tulifanya nini? Alipewa kifaa cha plastiki cha vipande viwili, kimoja juu kimoja chini, vyenye mteremko unaolazimisha taya la chini kukaa mbele kila anapofunga kinywa. Aina hiyo ilibuniwa na Mskoti, William Clark, mwaka 1977. Anakivaa mchana na usiku, anaongea kama amejaza ubuyu mdomoni. Daktari aliniambia ukweli bila kunipaka mafuta: hata kwa mtoto aliyeletwa kwa wakati, sehemu kubwa ya kinachoonekana ni meno kuinama na kusogea, na mfupa unaongezeka kiasi. Kwa mtoto aliyepita kilele, nyongeza ya mfupa ni ndogo zaidi. Tutapata meno yanayokutana. Kidevu, tutaona.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo moyoni tangu mwanzo: akipungua uzito, taya litarudi? Hapana. Mfupa uliokua umekua, na muda uliopita umepita. Mashavu yatapungua, na ukali wa kidevu utaonekana zaidi au kidogo kutegemea nyama ya chini ya shingo, lakini hayo ni mambo ya kioo. Uzito una sababu zake nyingine za kushughulikiwa, kukoroma kwake ikiwa mojawapo, maana mtoto anayekoroma na kupumua kwa mdomo usiku kucha naye uso wake unaathirika. Hiyo ni makala nyingine.

Jambo moja nililikataa katika kusoma kwangu. Zile picha za Ohio na Michigan ni za watoto ambao wengi wao ni Wazungu wa Amerika Kaskazini, na zile za Sweden ni za Waswidi. Wanapoandika kwamba mataya yote mawili ya vijana wanene yametokeza mbele, wanapima kutoka kwenye uso wao. Kwetu mataya kusogea mbele kidogo ni uso wa kawaida wa mtu wa kawaida. Ukienda na rula ya Cleveland pale Kariakoo utawakuta wagonjwa watupu. Habari ya saa, kwamba uzito unawahisha, naiamini kwa sababu mwili wa homoni ni mmoja. Habari ya umbo naisubiri ipimwe hapa, kwa watoto wetu.

Na kuna lingine lililonipa shida zaidi ya eksirei. Kumwambia mtoto. Binti yangu aliuliza kwenye daladala, kwa sauti, maana kifaa kilikuwa bado hakijampa aibu: "Mama, kwa hiyo taya langu limeharibika kwa sababu mimi ni bonge?" Abiria mbele akageuka. Nikamwambia taya lako ni la babu wa Pangani, alilileta kabla ya chipsi kuingia Tanganyika. Ni kweli. Kidevu cha nyuma ni cha kurithi. Uzito ulichezea ratiba tu. Lakini nilijua nimejibu nusu. Nusu nyingine ilikuwa ni soda ambazo mimi ndiye niliyekuwa nikizinunua, na chipsi mayai za Ijumaa ambazo ziligeuka kuwa za Jumatatu na Jumatano kila nilipochelewa kazini. Mtoto wa miaka tisa haendi sokoni. Nyumbani tumepunguza kwa wote, bila kutangaza kwamba ni kwa ajili ya mmoja, na bibi yake amekatazwa neno mifupa.

Mdogo wake wa kiume ana miaka 10, mwembamba kama mimi wa bweni, na taya lile lile. Daktari alimtazama ubavu akatabasamu. Hakutaka kumpiga eksirei. Alisema nimpime mlangoni kila baada ya miezi mitatu badala ya mwaka, niandike tarehe kando ya mstari, na siku nitakapoona umbali kati ya mistari umeanza kuongezeka nimpigie simu, awe na miaka 12 au 15. Jumapili iliyopita nilimsimamisha. Alijinyoosha, akainua visigino, nikamkanyaga mguu kidogo arudi chini. Sentimita moja na nusu kwa miezi mitatu. Nimeandika tarehe.